Vibao vinazama, wolai hawaji: nianzie wapi?

*Swali: Shikamoo mzee. Naishi Columbus, Ohio, lakini nimekulia Tanga, na marehemu baba alikuwa akirambaza nguru kwa mshipi, yaani akiburuta chambo nyuma ya chombo kinachotembea. Mwaka juzi mimi na shemeji yangu tulinunua boti ya aluminiamu ya futi 17 yenye mashine ya farasi 90. Karibu kila Jumamosi tunaendesha saa mbili hadi Port Clinton kutafuta wolai wa Ziwa Erie, yule samaki wa maziwa anayeitwa walleye kwa Kiingereza. Tumenunua planabodi nne, yaani vile vibao vya kutanua mishipi, vyambo bandia vya kila rangi, mshipi wa kusuka wa paundi 30 na waya wa chuma wa kutanguliza. Vibao vinazama pua, mara vinafyatuka, mara vinapandana. Wenzetu wanaopoa sita sita. Sisi tukipata wawili tunapiga picha. Kosa ni vibao, ni vyambo au ni sisi? Na je, huyu samaki anafaa kupakwa?*

Marahaba, mwanangu. Nimecheka hapo kwenye picha, maana mwaka wangu wa kwanza Erie sikupata hata wa kupigia picha.

Kwa maelezo yako, mnamvua wolai kwa ujuzi wa nguru. Mshipi ule ni wa nguru, waya ule ni wa nguru, na ingawa hukuutaja mwendo, naweza kuukisia: mashine ya farasi 90 kwenye boti ndogo, hata ikiwa gia ya chini kabisa, huwa inakwenda maili tatu kwa saa au zaidi. Kwa nguru hiyo ni kulala usingizi. Kwa wolai ni mbio.

Basi tuanze na mwendo, kwa sababu usipourekebisha huo, mengine yote nitakayokuambia ni hasara ya wino. Wolai hakimbizi chambo kama nguru au jodari. Ni samaki wa kuvizia, na jicho lake kubwa lina utando nyuma unaorudisha mwanga kama jicho la paka, ndiyo maana anawinda vizuri alfajiri, magharibi, usiku, na siku ambayo maji yamechafuka kidogo. Anakiona chambo mapema, anakipima, kisha anaamua. Mwezi wa nne, maji yakiwa bado ya barafu, mimi hukokota kwa maili 1 hadi 1.5 kwa saa. Kiangazi, maji yakipata joto, napanda hadi 2, hata 2.5. Yaani muda wote huo boti inakwenda polepole kuliko mtu anayetoka sokoni na kikapu. Simu yako ina GPS. Iweke mbele ya usukani na uiangalie kuliko unavyomwangalia shemeji.

Mtapunguzaje mwendo? Matajiri hufunga mashine ndogo ya pili ya farasi tisa au kumi, au mota ya umeme. Nyinyi chukueni ndoo mbili za rangi, zile za plastiki za lita ishirini, mzitoboe matundu machache chini, mzifunge kwa kamba fupi kwenye vishikio vya ubavuni, moja kila upande, karibu na omo, yaani mbele. Zinaburuta maji na kuibana boti. Kamba iwe fupi kiasi kwamba ndoo haiwezi kabisa kuifikia panga ya mashine. Nilivua misimu miwili kwa ndoo kabla sijanunua mifuko maalumu ya kazi hiyo, na samaki hawakuwahi kuuliza.

Sasa vibao. Watu wengi hununua planabodi wakidhani ndiyo inayovua. Haivui. Kazi yake ni kumpeleka chambo mbali na boti, basi. Kumbuka tiara uliyorusha utotoni pale ufukweni Raskazone: uzi umefungwa kwa pembe, upepo unaisukuma, tiara haiji kwako wala haikimbii moja kwa moja, inapanda. Kibao ni tiara iliyolazwa juu ya maji. Pua yake imekatwa mshazari na mshipi umefungwa ubavuni, kwa hiyo maji yanayokuja mbele yanakisukuma nje, pembeni mwa boti, mita kumi, ishirini, thelathini, kadiri unavyompa mshipi. Ndiyo maana kila kibao kina upande wake. Cha kushoto ukikiweka kulia kitakuja kugonga boti kama mbuzi anayerudi zizini.

Na kwa nini umpeleke mbali? Bonde la magharibi la Erie, hapo mnapovua, kina chake cha wastani hakifiki hata mita nane. Na maji si yale ya zamani. Kome wa pundamilia walioingia maziwa haya mwishoni mwa miaka ya 1980 huchuja maji kutwa kucha, na siku tulivu unaona chini kuliko walivyoona wazee wa hapa. Samaki aliyeko futi kumi na mbili chini ya uso wa maji, boti ikimpitia juu na mngurumo wake, hujitenga kushoto na kulia. Kibao kinamfuata huko alikokimbilia. Ndiyo sababu pia sonari yenu, kile kioo cha kutafutia samaki, inaonyesha samaki wachache kuliko waliopo. Msikate tamaa kwa kioo kitupu.

Kibao kikizama pua, kuna mambo matatu ya kuangalia, nayo nayaangalia kwa mpangilio huu. Kwanza mwendo, tumeshausema. Pili, mzigo: chambo chenye mdomo mrefu wa kuchimba chini kina mvuto mkubwa, na ukikiongezea kasi kinavuta pua ya kibao kama mtu anayemvuta punda masikio. Tatu, mkao wa vibanio vinavyokishikiza kibao kwenye mshipi. Kibanio cha mbele kishike mshipi pale mtengenezaji alipokusudia, na cha nyuma kiwe kimefungwa kwenye mkia, ili kibao kilale sambamba na safari. Nimewahi kumsaidia kijana mmoja gatini aliyelalamika kuwa vibao vyake ni vibovu. Nilipokigeuza kimoja nikakuta ameng'oa kipande cha uzito cha chini, kile kinachokisimamisha wima, akidhani ni cha usafirishaji.

Kuhusu kufyatuka, hapo mshitakiwa ni mshipi wenu wa kusuka. Ni mwembamba na unateleza. Kibanio cha mpira kinaushika kama mkono wenye sabuni unavyoshika kambare. Wapo wanaouzungusha mara mbili ndani ya kibanio ukakaa. Mimi nawashauri muuvue wote kwenye rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, muuache kidogo tu chini kama msingi, juu yake mweke nailoni ya kawaida ya paundi 10 au 12. Nailoni inashikika. Halafu inanyumbuka, na wolai ana mdomo unaochanika kwa urahisi kwenye ndoana ukimvuta kwa mshipi mgumu usio na huruma. Pia majedwali yanayosema chambo fulani kinazama kina gani huwa yamepimwa kwa mshipi wa unene fulani, kwa kawaida nailoni ya paundi 10. Ukibadilisha unene, jedwali linakudanganya: mshipi mnene hubebwa zaidi na maji na chambo hupanda, mwembamba hukata maji na chambo hushuka.

Waya wa chuma utoeni leo. Wolai ana meno, utayaona na pengine utayaonja, lakini si ya kukata kama wembe. Waya unaua mwendo wa chambo na katika maji maangavu unaonekana kama nguzo ya umeme. Mbele ya chambo wekeni kipini kidogo cha kufungia chenye tumbo la mviringo, bila swiveli, chambo kiyumbe kinavyotaka.

Nakuja kwenye jambo ambalo laiti ningeambiwa siku ya kwanza. Wenzenu wanaopoa sita kwa sababu wakimpata wa kwanza wanajua walimpataje. Nyinyi mkimpata mmoja, hamjui chambo kilikuwa kina gani, kwa hiyo hamwezi kurudia. Kwa hiyo fedha ikiwa haitoshi, msinunue chambo kingine hata kimoja. Nunueni rili zenye kihesabu, zile zinazoonyesha futi za mshipi ulizotoa. Nne za aina moja, mjaze mshipi wa aina moja kwa kiasi kilekile, kwa sababu kihesabu husoma mizunguko tu. Rili iliyojaa nusu husema futi mia wakati ni sabini. Tulizipima zangu nje ya nyumba: mke wangu alikishika chambo na kutembea kando ya utepe wa kupimia hadi futi 100, mimi nikasoma kihesabu. Moja ilisema 100, nyingine 91. Majirani walidhani tuna ugomvi wa mpaka.

Fito za kuvulia nazo ziwe na ncha laini, urefu wa futi saba hadi nane na nusu. Za nguru ni ngumu mno. Kibao kinavuta ufito bila kupumzika, na wimbi likikirusha, ufito laini hupokea ule mshtuko badala ya mdomo wa samaki.

Zingatia hili kuhusu kipimo: hesabu huanzia kwenye kibao. Toka ncha ya ufito hadi kibao mshipi uko hewani, hauna kazi ya kuzamisha kitu. Kinachoamua kina ni urefu kati ya kibao na chambo. Kwa hiyo utaratibu ni huu. Boti inatembea kwa mwendo wako wa kuvulia. Unakishusha chambo ubavuni mwa boti, ndani ya maji, na kukitazama. Kama kinakwenda sawa, kichwa chini, mkia ukitikisika pande zote mbili kwa usawa, kiachie nyuma. Kama kinakimbilia upande mmoja, kirudishe, shika koleo, lipinde jicho la kufungia mshipi kwa unywele tu kuelekea upande wa pili wa kule kinakokimbilia. Kidogo! Kisha kishushe tena. Kazi hii inachukua dakika mbili na watu tisa kati ya kumi niliowaona gatini hawaifanyi, halafu wanashangaa vibao vimepandana. Chambo kinachokimbilia kushoto humvuta mwenzake wa kushoto hadi wakutane.

Kikishakwenda sawa, toa futi 60 kwenye kihesabu, simamisha, bana kibao, kiweke majini, kisha acha mshipi utoke taratibu ukiwa umeuzuia kwa kidole gumba. Usiufungulie ghafla, kibao kitasimama, chambo kitazama, na mshipi utafanya kiota. Kikifika mbali unakotaka, funga. Kwa msimu huu wekeni vibao viwili kila upande, visizidi. Kibao cha nje kiwe na mshipi mrefu na chambo cha kuelea juu zaidi, cha ndani kiwe na mshipi mfupi na chambo kizito, ili samaki wa nje akishikwa na kibao chake kurudi nyuma, apite nyuma na juu ya mwenzake bila kumsalimia. Kuhusu idadi ya fito anayoruhusiwa mtu mmoja, kila jimbo lina yake. Someni kijitabu cha Ohio cha mwaka huu.

Mkiwa na mishipi minne, msiiweke yote futi 60. Anzeni na 50, 80, 110, 140. Kisha nendeni mkiandika S kubwa juu ya ziwa. Utamu wote wa planabodi uko hapa. Boti ikikata kushoto, vibao vya kushoto vinakuwa ndani ya kona na vinapunguza mwendo, pengine karibu kusimama. Vya kulia vinazungukia nje na vinaongeza kasi. Samaki akigonga cha nje kila mkikata, amewaambia ongezeni mwendo. Akigonga cha ndani, anataka polepole, au anataka chambo kinachozubaa. Ni kama kumuuliza samaki swali na kupata jibu bila kugusa mashine. Na akigonga kile cha futi 110 mara mbili, vingine vyote vinahamia jirani na 110. Andika: futi, mwendo, saa, upande. Mimi naandika kwa kalamu ya nta juu ya kiti.

Kuhusu kina kumbuka jicho la huyu bwana liko juu ya kichwa na hutazama juu. Chambo kikipita futi tatu juu yake atakifuata. Kikipita futi moja chini yake, hakipo. Sonari ikikuonyesha samaki kwenye futi 18, lenga 14 au 15. Watu wa pwani tuna tabia ya kutaka kugusa chini, iacheni Tanga.

Sasa vyambo, ambavyo najua ndivyo mlivyotaka nianze navyo. Rangi iwe ya mwisho. Kwanza umbo na mtikisiko. Maji ya baridi, mwezi wa nne na tena mwezi wa kumi na moja, wolai hutaka samaki wa plastiki mrefu mwembamba mwenye mtikisiko wa uvivu. Ukiuliza gatini utasikia jina la chambo cha Bandit kuliko jina la meya. Hicho kirefu cha kuzama kina ni cha kuanzia, kinasamehe makosa. Husky Jerk ya Rapala ina faida nyingine: haielei wala haizami, kwa hiyo mkikata kona na mshipi ukalegea, inabaki pale pale imening'inia mbele ya pua ya samaki. Reef Runner ni nzuri sana ila ina kiburi, inataka kunyooshwa kwa koleo kila mara. Iacheni kwa mwaka wa pili.

Mwezi wa tano na wa sita, samaki wakiwa wametoka kutaga kwenye miamba na kwenye mito ya Maumee na Sandusky, mimi huweka plastiki kando na kufunga nyungunyungu. Anafungwa kwenye uzi mfupi wa fluorokaboni, aina ya plastiki ngumu isiyoonekana sana majini, wenye ndoana mbili, shanga kadhaa na kibapa cha bati kinachozunguka mbele yake. Ndoana ya mbele inapita puani mwa nyungunyungu, ya nyuma inaingia nusu ya mwili, naye akae amenyooka. Akikunjamana atazunguka kama feni na kuusokota uzi wote. Kibapa cha duara huzunguka hata kwa maili moja kwa saa, chembamba kama jani kinataka kasi zaidi. Hapa mwendo ni maili 1 hadi 1.3, na kwa ndoo zenu mbili mtaufikia.

Nyungunyungu hana mdomo wa kumzamisha, kwa hiyo anahitaji chubwi, yaani kizito cha kumzamisha. Njia rahisi ni ya hamsini kwa hamsini: unatoa futi 50, unabana chubwi ya aunsi moja au mbili juu ya mshipi kwa kibanio chenye kipini ndani, unatoa 50 nyingine, unabana kibao. Ukitaka kushuka, ongeza uzito au punguza mwendo. Samaki akija, chubwi inatolewa kwanza, kisha samaki. Chubwi hizi, kwa taarifa yenu, zina sifa mbaya upande huu. Mwaka 2022 kwenye mashindano huko Cleveland, msimamizi wa mashindano alimpasua wolai wa waliokuwa wakiongoza na kukuta chubwi za madini ya risasi tumboni, pamoja na minofu ya samaki wengine. Wawili wale walikiri mahakamani mwaka uliofuata, wakafungwa siku kumi na boti ikachukuliwa. Yaani hata kwa wizi wanatumia gia za kuvulia.

Kiangazi samaki wengi hufuata maji ya ubaridi kuelekea mashariki, kwenye miji ya Huron, Vermilion, Lorain na mbele zaidi, na hapo vyambo vya bati vyenye umbo la kijiko na vyambo vya plastiki vya haraka ndivyo vinavyokula. Mkibaki Port Clinton mwezi wa nane mtavuta majani na ukoka wa kijani kuliko samaki. Kila baada ya dakika kumi vuteni chambo mtazame. Uzi mmoja wa jani kwenye ndoana unatosha kuharibu mtikisiko.

Basi, rangi. Maji yakiwa na tope, ya kung'aa kama ndimu mbichi au chungwa. Maji maangavu, fedha, buluu, zambarau. Imetosha. Zile nyingine hutengenezwa kumvua mvuvi.

Mkubwa akishika mtajua: kibao kinarudi nyuma, kinaacha mstari wa wenzake. Mdogo, au samaki wa hovyo kama yule anayeitwa freshwater drum, hutetemesha tu, na mnaweza kumburuta nusu saa bila habari. Ndiyo maana vibao vingine huja na kibendera chenye springi kinacholala mzigo ukiongezeka. Nunueni hivyo vibendera.

Hapa ndipo mila ya pwani itakapowaponza tena. Nguru au sulisuli akishika, nahodha hupunguza au husimamisha. Msisimame! Boti ikisimama vibao vitatu vilivyobaki vinapoteza upepo wake, vyambo vinazama, na mtatumia asubuhi mkifumua nyavu mlizozitengeneza wenyewe. Mmoja ashike usukani na kuendelea polepole, akiielekeza tezi, yaani nyuma ya boti, kwa samaki. Mwingine azungushe rili bila kuupandisha na kuushusha ufito. Kila unapoushusha unampa samaki ulegevu wa kutema ndoana, na uzito wa kibao unamsaidia. Kibao kikifika ubavuni, mwenye usukani anakibandua kwa mkono mmoja, kibanio cha nyuma kwanza kisha cha mbele, bila mshipi kulegea. Zoezi hilo lifanyeni mkiwa gatini na samaki wa kuazima, yaani shemeji akivuta kamba. Kisha wavu, na kichwa kiingie kwanza.

Kuna mambo mawili ya ziwa lenyewe nisiyoweza kuyaacha. Erie ina sura ya ziwa na tabia ya bahari. Kwa kuwa bonde la magharibi ni la kina kifupi, upepo wa kaskazini-mashariki huinua mawimbi mafupi yaliyosimama wima, yanayofuatana bila nafasi ya kupumua, na boti ya futi 17 haina hoja nayo. Upepo wa kusini-magharibi ukivuma kwa nguvu siku nzima, maji husukumwa hadi upande wa Buffalo na huku Toledo yanakupwa kama bamvua, bila mwezi wala nini. Nimeona boti zimekaa tope gatini. Siku za kawaida vuteni mkifuata upepo, vibao vinatulia zaidi. Mwezi wa nne jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe, maana maji yale hayamwachi mtu muda wa kuogelea. Mtoto chini ya miaka kumi kwenye boti chini ya futi 18, sheria ya Ohio inamtaka alivae wakati wote.

Jingine ni mpaka. Mstari wa Kanada unapita katikati ya ziwa na hauna boya wala uzio. Uwekeni kwenye GPS. Upande wa pili mnahitaji leseni ya Ontario, na kama kuna mtu botini ambaye karatasi zake za uhamiaji bado ziko mezani kwa afisa, hata asikaribie huko kwa kumfuata samaki wa paundi nane. Leseni ya Ohio kila mwenye miaka 16 na zaidi awe nayo, na wolai ni sita kwa mtu kwa siku, asiyepungua inchi 15. Wakongomani wa Quebec ukiwasikia wakimsifia doré, ni huyuhuyu. Ontario watu humwita pickerel.

Kuhusu kupaka: nyama yake ni nyeupe, haina mafuta, na ni laini kuliko changu. Ukiitia mbichi kwenye tui itapasukapasuka na utakula uji wa samaki. Ipake ndimu, chumvi, kitunguu saumu na bizari, uikaange juu juu kwa mafuta ya moto hadi ishike rangi, kisha uimwagie tui zito lililokwisha kuchemka na pilipili, lisichemke tena zaidi ya dakika tatu. Ngozi iacheni wakati wa kutoa minofu, inashikilia nyama. Magamba tu ndiyo muyaparuze. Na kabla ya kutupa vichwa, toeni mashavu kwa ncha ya kisu. Kwa wolai wa paundi tano linatoka pande la ukubwa wa sarafu kubwa kila upande, tamu kuliko mnofu wote. Nahodha ndiye hulamba hayo, kwa hiyo amueni mapema kati yako na shemeji nani nahodha.